Msumari wa Kumi na Moja

6 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia wifi yako, ambaye amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, mpaka paka aliyeikalia karatasi ya pili. Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika, lakini hiyo ni tabia yake, halijasema jema siku nyingi. Wifi yako anasema nikuulize kama kifua cha shemeji kimepoa, na kama mapacha wameshaota tena meno ya mbele yaliyong'oka. Basi nimeuliza.

Najua utasema, si ungepiga simu? Kwenye simu mimi na wewe tunasema "wazima, wazima, haya," halafu tunakata. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi.

Sasa jambo lenyewe. Chama chetu cha sanaa kinapata paa jipya. Ile karakana ya baiskeli tuliyoigeuza ukumbi wa maonyesho imevuja vya kutosha, na tarehe 15 Agosti tunafungua upya. Tumefika wanachama thelathini na wawili. Wapo wachoraji, wachongaji, mama mmoja msusi wa vikapu, na dereva wa lori anayechonga ndege wa mbao na kuwagawa bure njiani. Hakuna aliyetajirika, na hatukuanza kwa ajili hiyo.

Unakumbuka sheria yetu ya kwanza, iliyokuwepo hata kabla ya katiba? Kila mwanachama anapigilia msumari wake kwa mkono wake, na hakuna mwingine anayetundika kitu pale. Wako ni wa kumi na moja, upande wa dirisha. Miaka kumi na tisa uko mtupu. Mwezi uliopita mlinzi alitundika koti lake pale, akaja mgeni mmoja akalitazama robo saa nzima, akasema kazi hii ina huzuni ya kweli. Mlinzi akamjibu kwamba huzuni ipo kwa sababu mfuko umetoboka.

Tuletee kitu, dada. Chochote ulichochora. Safari hii kamati haitakuwa na neno.

Kaka yako,
Mwenyekiti (kwa watu wengine)

*

2 Machi

Kaka,

Salamu zimefika pamoja na manyoya ya paka. Shemeji yako kifua kimepoa, sasa anakohoa nikimtuma sokoni tu. Mapacha wameota meno na wanayajaribu kwenye kila kitu, mpaka kwenye mpini wa mkasi wangu. Mwambie wifi asisome kwa nyuma, atavunjika shingo. Avute kiti.

Hongereni kwa paa. Lakini kaka, mimi sichori. Mimi ni fundi cherehani. Nakata nguo, nashona nguo, nabishana na wateja, jioni imefika. Brashi niliziacha kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la mama, na sijawahi kuzitamani. Mlinzi aendelee kutundika koti lake. Nitumie ukubwa wa ule mfuko nimtumie kiraka.

Nitakalofanya ni hili: nitawashonea pazia la mlango mkubwa, zito, la kufunguliwa siku yenyewe. Na wewe nitakushonea koti, maana lile la kahawia nililiona kwenye picha ya harusi ya binti yako, na kifungo cha katikati kilikuwa kinaomba msaada. Nitumie vipimo: mabega, kifua, tumbo, mkono. Apime wifi. Usijipime mwenyewe.

Swali moja tu. Ile picha ya mama iliyokataliwa na kamati, ilikwenda wapi? Siulizi kwa ubaya. Nimeikumbuka tu.

Dada yako

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi mpaka nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya mafundi wa paa, hasa lile la kifungo, ingawa sikuwaambia ni cha nani. Pazia litatufaa sana. Mlango wetu sasa hivi umezibwa na turubai lenye tangazo la mbolea.

Vipimo vyangu ni hivi. Mabega 18, kifua 40, tumbo 34, mkono 25. Yote inchi. Wifi yako amepima kwa makini sana.

Kuhusu ile picha, hayo ni mambo ya siku nyingi. Unajua mvua za mwaka ule, vitu vingi viliharibika. Yaliyopita si ndwele. Huku nyanya zimeiva vizuri mno mwaka huu, sijui kwenu.

Kaka yako

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine:) Wifi, mimi sijampima. Alijifungia chumbani na tepu.

*

24 Mei

Kaka,

Nisamehe kuchelewa. Ilikuwa miezi ya sare za shule, nimeshona sketi mpaka nikawa naziota. Mapacha waliugua tetekuwanga kwa zamu, mmoja akipona mwenzake anaanza. Sasa wote wazima na wanabishana nani alikuwa na madoa mengi.

Pazia nimelikabidhi leo kwa yule dereva wenu wa lori, mchonga ndege, alipita huku na shehena ya saruji. Nimetia karatasi kwenye mikunjo lisije likafanya makunyanzi. Karatasi ni takataka za kazini, washieni moto. Koti bado, nasubiri kitambaa.

Kuhusu nyanya, kwetu nazo si mbaya.

Dada yako

*

11 Juni

Dada yangu we!

Leo salamu nitazifupisha. Sote wazima, goti limekwenda kwa daktari na limerudi, paka kazaa. Sasa kaa chini, na kama umeshika mkasi, uweke.

Barua yako ya tarehe 24 imefika jana. Mzigo ulifika siku tisa kabla yake. Mimi nilikuwa kwa daktari wa goti, kwa hiyo aliyeupokea ni naibu wangu, yule mfinyanzi. Unamfahamu. Miaka thelathini anafinyanga vyungu na kuvisafirisha, na kila chungu anakifungia kwenye kitambaa kisivunjike. Kwa mtu huyu, ukimpelekea kitambaa chenye kitu ndani, kitambaa ni cha kukinga na mzigo ni kile cha ndani. Hajui namna nyingine. Alipofungua, akaona nguo nzito nzuri imekunjwa, ndani karatasi kumi na nne. Akasema, "Huyu dada anajali kazi zake, tazama alivyozifungasha."

Akazitundika. Kwenye msumari wako, dada, kwa kamba na vibanio vya nguo, karatasi zote kumi na nne. Pazia akaenda nalo kufungia vyungu.

Niliporudi nilikuta kimya, hakuna nyundo inayogonga. Nikadhani mafundi wa paa wamegoma. Kumbe wameshuka wote, wamejipanga mbele ya ukuta wa dirisha na kofia zao mikononi, na mmoja ameshampigia mkewe simu aje. Nikasogea.

Sikujua kwamba ndivyo unavyofanya kazi. Zile karatasi za kaki za kukatia nguo, huku umekata umbo la mkono, huku mgongo, na katikati ya kila moja umemchora mwenye nguo kwa kalamu ya risasi, amesimama kama anavyosimama siku zote, si kama anavyosimama mbele ya kioo. Na chini mistari yako miwili. Yule mzee aliyeshika kiuno: "Anasema: 32. Ilivyo: 38, na amevuta pumzi." Yule mama: "Anasema: mabega yangu sawa. Ilivyo: la kulia limeshuka, alibebea watoto wote upande huo." Na yule bibi harusi, dada. "Anasema: ana furaha. Ilivyo: amepungua inchi mbili tangu Jumatatu. Acha nafasi kwenye mshono."

Watu wamecheka mpaka hawana mbavu, halafu wakifika kwa bibi harusi wanasoma mara mbili. Mke wa fundi wa paa alirudi kesho yake na dada zake wanne. Paa limechelewa siku tatu na hakuna anayelalamika. Katibu wa chama, ambaye hajawahi kusifia kitu isipokuwa mwandiko wake, amesema tangu ukumbi huu uwe ukumbi hajaona kitu kama hiki.

Na wewe unasema huchori!

Kaka yako mwenye fahari kubwa

*

20 Juni

Kaka,

Shusheni karatasi zangu.

Zile si picha. Zile ni siri za watu. Mteja akisimama mbele yangu ananiachia mwili wake niutazame, na ninachokiandika ni cha mimi na mkasi. Ni kweli huko hawajulikani, lakini mimi nawajua. Yule bibi harusi anapita mbele ya duka langu kila asubuhi.

Halafu sheria ya msumari mliiweka ya nini? Mkono wa nani ulitundika? Nani aliruhusu? Nisije nikaambiwa tena ni kamati.

Na usinivishe kilemba cha ukoka. Kitu changu cha mwisho kuletwa ukumbini kiliambiwa hakijakomaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikiamini nilichoambiwa.

Pazia mlifue kabla ya kulitundika. Udongo wa mfinyanzi hautoki kwa maji ya baridi.

*

5 Julai

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Salamu nyingine nitaleta mwisho, kama utanifikisha mwisho.

Karatasi nilizishusha siku ileile barua yako ilipofika, kwa mkono wangu, nikazifunga kwenye bahasha kwa lakiri. Mfinyanzi amelia. Pazia analifua yeye mwenyewe, ni mara ya tatu hii, na wifi yako anamsimamia. Watu wanakuja wanaulizia "wale watu wa karatasi" nasi tunawaambia wamekwenda kwao. Hapo kosa ni letu, na nakuomba radhi kwa niaba ya chama.

La pili siwezi kuliombea radhi kwa niaba ya mtu.

Kamati haikuikataa picha yako ya mama. Kamati haikuiona. Uliniachia mimi niipeleke, na mimi sikuipeleka. Niliifikisha mpaka mlangoni, nikageuka nayo.

Nitakwambia kwa nini, na usinionee huruma. Ulimchora mama kwenye ubao, ameinama juu ya beseni anafua nguo za watu, mgongo umepinda, mikono mpaka kwenye viwiko ni povu. Ilikuwa ni mama hasa. Na mimi wiki ile ndiyo nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti. Nilikuwa nimenunua tai. Wageni walikuwa wanakuja kutoka wilayani, na nikawaona kichwani mwangu wanasimama mbele ya ule ubao wanasema, kumbe mwenyekiti ni mtoto wa dobi. Basi nikakwambia kamati imesema haijakomaa. Nilitafuta neno dogo ili lisikuumize. Miezi mitatu baadaye uliolewa, ukaondoka, na brashi ukaziacha. Mama naye akafariki mwaka uliofuata, na kila nikitaka kusema naona nimeshachelewa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka kumi na tisa, na nimeitembea yote kwa miguu.

Picha haikuharibiwa na mvua. Iko nyuma ya kabati letu. Kila mwaka naitoa naipangusa vumbi, na wifi yako namwambia ni ubao wa kitanda. (Amesoma hapa sasa hivi. Ameondoka chumbani.)

Nataka kuitundika tarehe 15. Lakini msumari si wangu. Niambie tu neno, hata likiwa ni la kunifukuza.

Kaka yako

*

23 Julai

Kaka,

Hujambo? Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, mapacha wanakusalimu, na mmoja wao anauliza kama anaweza kupata paka.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena. Nimelia kidogo, juu ya suruali ya mteja, na ikabidi niipige pasi upya.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi moja ya kaki. Ni kipande cha mgongo cha koti lako. Tazama tarehe niliyoandika pembeni: 28 Machi, wiki ileile vipimo vyako viliponifikia. Sikutaka kukuonyesha. Sasa soma.

"Anasema: tumbo 34. Ilivyo: 42.
Anasema: wifi amepima. Ilivyo: alijifungia chumbani.
Anasema: kamati. Ilivyo: yeye."

Nilijua, kaka. Nilijua tangu wiki ileile uliyonidanganya. Nilimkuta Katibu kwenye foleni ya maji, nikamuuliza kwa nini picha yangu haijakomaa, akasema picha ipi? Basi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alikuwa na beseni mbele yake, hata hakuinuka. Akasema, "Mwache kaka yako. Ile tai ikimbana ataivua mwenyewe." Yeye picha ile alikuwa ameipenda. Aliniambia nimempunguzia povu, niongeze.

Nitakwambia kilichoniuma. Si picha. Picha nilijua ni nzuri. Kilichoniuma ni kwamba ulinidanganya mimi, ambaye nakusoma kama tepu, halafu ukanyamaza, na mimi nikawa na kiburi cha kutokuanza. Juni nilikuandikia kwamba niliamini. Huo nao ulikuwa uongo, nilitaka tu kuona utafanya nini. Nimekasirika muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Siku nyingine nilikuwa nimesahau nimekasirikia nini, inabidi nikumbuke makusudi.

Brashi nilizitamani. Kila siku. Ndiyo maana nikawa nawachora wateja, mkono haukutaka kukaa.

Nimekwenda kwa yule bibi harusi. Nimemweleza nilichoandika juu yake. Akasema, "Ule mshono ulioachia nafasi ndio ulionisitiri mwili uliporudi, fundi. Mtundike." Na wengine nimewauliza mmoja mmoja. Pamoja naye, kumi na wawili wamekubali. Yule mzee wa kiuno anataka na jina lake liwekwe kwa herufi kubwa, kwa sharti tuandike 36. Nimemwambia hapana, akakubali hivyohivyo. Wawili wamekataa, na karatasi zao utanirudishia mkononi.

Usiitundike picha ya mama. Hatundikiwi mtu. Nakuja. Nakuja na mapacha, shemeji yako, nyundo yangu na koti lako. Mwombe wifi msamaha kuhusu ule ubao wa kitanda kabla sijafika, mimi sitaki kulala katikati ya kesi.

Dada yako

*

30 Agosti

Mdogo wangu,

Mmefika salama? Dereva amesema mapacha waliimba njia nzima na kwamba yule paka mdogo alilala ndani ya kofia yake. Wifi yako anasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Amenisamehe, ila kila akinikuta nyuma ya kabati anauliza nimeficha nini tena.

Kuhusu siku ile sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Lakini kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa umewageuzia watu mgongo unatundika. Uligonga mara tatu kuukaza ule msumari, na kila ukigonga mfinyanzi alifumba macho kama anapigwa yeye. Ulipoachia mkono na mama akabaki pale peke yake, na povu lake, Katibu alivua miwani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kando ya pazia, na nilisema kwa sauti, nadhani hukusikia: "Yule ni mama yetu. Alikuwa dobi." Mgeni aliyekuwa karibu yangu akasema, "Wangu pia." Miaka kumi na tisa, dada, na jibu lilikuwa ni maneno mawili.

Toka siku hiyo nakaa ukumbini kila alasiri, natazama watu wanavyomtazama. Wanakuja na vikapu vyao na uchovu wao, wanasimama mbele ya ule mgongo uliopinda, na bila kujua wananyoosha ya kwao. Wote. Hata mlinzi. Halafu wanahamia kwa watu wako kumi na wawili kwenye kamba ya msumari uleule, wanaanza kucheka. Akina mama wawili wamejiandikisha na misumari yao imeshapigiliwa. Chini ya dirisha nimeacha nafasi ya wako wa pili. Katibu anasema katiba hairuhusu mtu mmoja misumari miwili. Nimemwambia kamati italitazama, akanitazama mimi, tukacheka mpaka akakohoa.

Koti limenikaa kama nimezaliwa nalo. Tai sikuvaa, uliona.

Nimekuwa nikila vizuri tangu muondoke, kwa furaha. Leo asubuhi wifi yako amenipima, mlango wazi, mashahidi wapo. Ni 43. Nakwambia mwenyewe mapema.

Kaka yako